Nyimbo za kulipia na nyimbo za bure: ipi ikufae ukiwa Mbeya au Iringa

Panda Costa ya Uyole asubuhi, au Noah ya Tukuyu, kisha tazama redio ya dereva. Flash imechomekwa hapo, imepauka kwa vumbi. Ingia saluni ya Mwanjelwa, duka la nguo la Kabwe, mgahawa wa Miyomboni kule Iringa: sabufa pembeni, flash kiunoni mwake. Simu janja zimejaa kila kona, hilo halina ubishi, lakini Nyanda za Juu Kusini wimbo ukishapendwa kwenye simu, safari yake huishia kwenye flash au memori kadi.

Naanza na hilo kwa sababu ushauri mwingi kuhusu muziki wa mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye intaneti isiyokatika, kadi ya benki mfukoni na spika inayopokea muziki kutoka kwenye simu bila waya. Mtu huyo yupo Mbeya pia, ila si jirani yangu wala yako. Kwa sisi wengine, ukianza na bei utapotea njia. Jiulize kwanza wimbo utapigwa wapi, halafu jiulize ni wimbo wa nani. Ukishajibu hayo mawili, kuchagua kunakuwa kwepesi, na utashangaa kwamba mara nyingine jibu ni la bure, tena la halali kabisa.

Bure ziko tatu

Watu husema "nyimbo za bure" kana kwamba zote ni mali ya wizi. Hapana. Ipo bure ya msanii mwenyewe. Wasanii wengi wa Bongo Fleva, hasa wanaoanza, huzituma nyimbo zao kwenye blogu za muziki ili zisambae. Chipukizi wa Mafinga anayetafuta jina haumii ukipakua wimbo wake. Anaumia usipoupakua. Utaitambua bure ya namna hii kwa kuangalia kiungo umekikuta wapi: kama kiko kwenye ukurasa wa msanii, kwenye maelezo ya video yake ya YouTube, au wimbo uko kwenye akaunti yake ya Audiomack, basi ameutoa kwa hiari yake.

Ya pili ni bure inayolipiwa na matangazo. Huduma ya Mdundo ndiyo mfano ulio karibu nasi. Ilianzia Nairobi, na mwaka 2020 ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la Copenhagen. Unapakua faili la mp3 bila kutoa senti, mwanzoni mwa wimbo unasikia tangazo fupi, na mapato ya matangazo hugawanywa na wasanii. Spotify ya kutolipia nayo hujiendesha kwa matangazo, isipokuwa hiyo haikuruhusu kupakua nyimbo. YouTube vilevile.

Ya tatu ndiyo inayopigiwa kelele. Mtu asiyehusika kabisa na wimbo ameuchukua, ameupandisha kwenye tovuti yake, na anavuna yeye pesa ya matangazo. Au ameuweka kwenye kompyuta ya kibanda na anakutoza kwa kukujazia flash. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi mamlaka ya kuruhusu au kukataa kazi yake inakiliwe na kusambazwa, na haki za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Msimamizi wake ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi. Anayedhani haya ni mambo ya makaratasi akumbuke mwaka 2016, Mahakama ya Wilaya ya Ilala ilipoamuru kampuni moja ya simu iwalipe AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa yao. MwanaFA baadaye akawa mbunge wa Muheza, kisha naibu waziri katika wizara inayosimamia sanaa. Mambo huzunguka.

Bure hulipiwa kwa bando

Hapa ndipo watu wengi hawapigi hesabu. Wimbo wa dakika 4 uliobanwa kwa kiwango cha 128 (yaani kilobiti 128 kwa sekunde), ambacho ni cha kawaida kwa simu, una ukubwa wa MB 3.8 hivi. Kwa kiwango cha 320, ambacho ndicho cha juu kabisa kwa mp3, unafika MB 9.6. Kwa hiyo GB 1 inakupa nyimbo kama 260 za kiwango cha kwanza, au nyimbo kama 100 tu za kile cha pili. Bei ya GB unaijua mwenyewe kwa mtandao unaoutumia. Gawanya, utaona kila wimbo wa "bure" ulikugharimu shilingi ngapi.

Mtego mkubwa uko kwenye tovuti zinazogeuza video ya YouTube kuwa mp3. Zinakuuliza: unataka 128, 192 au 320? Nani atachagua ndogo? Unabonyeza 320, bando linateremka, unajiona umepata mali safi. Kumbe sauti ya video nyingi za YouTube yenyewe imeshabanwa kwa kiwango cha 128 au kidogo zaidi. Kilichotupwa wakati wa kuibana hakirudi. Faili limenenepeshwa tu. Umelipa MB 9.6 kupata sauti isiyoweza kuizidi ile ya MB 3.8, na kwenye sabufa kubwa utasikia: matoazi yanachakacha, besi inavimba bila kugonga. Ukilazimika kutumia njia hiyo, na sikushauri kwa kuwa inavunja masharti ya YouTube, basi usijidanganye na namba kubwa.

Halafu kuna vitufe. Tovuti ya wizi ina kitufe kimoja cha kweli cha kupakua na vitano vya uongo. Vingine vinakuomba ruhusa ya kukutumia taarifa kila saa, vingine vinakuingiza kwenye huduma za ujumbe zinazokata salio kidogo kidogo bila wewe kujua. Kipimo kimoja kinatosha: wimbo huishia na .mp3 au .m4a. Ukiona faili limeishia na .apk, hiyo ni programu inayotaka kuingia kwenye simu yako, na simu hiyohiyo ndiyo yenye pesa zako. Ifute.

Kibanda cha kujaza nyimbo kinakwepa gharama ya bando, ndiyo maana hakifi. Na kina jambo jingine ambalo tovuti hazijaliweza.

"Kaka, nijazie za injili. Za kwaya, usiniwekee za kelele."

"Sawa mama. Nikuchanganyie na za zamani?"

"Changanya, ila za Kinyakyusa ziwe nyingi."

Hakuna programu ya muziki itakayoelewa agizo hilo. Kijana wa kibanda analielewa, na ndani ya muda wa kunywa soda kazi imekwisha. Kasoro zake zinajulikana: nyimbo zimekatwa mwishoni, majina yamepotea na kubaki "Track 07", katikati ya pambio anaingia DJ anajitaja jina, na flash inarudi na virusi vinavyogeuza kila folda kuwa njia ya mkato isiyofunguka. Mwimbaji naye hakupata kitu. Lakini tusijifanye hatujui kwa nini mama yule hapandi Bandcamp, duka la nyimbo la mtandaoni.

Kulipia nako kuna kukodi na kununua

Huduma nyingi zinazoitwa za kununua muziki, kwa kweli zinakukodishia. Spotify, iliyofunguliwa Tanzania Februari 2021, Apple Music iliyoingia mwaka 2020, na Boomplay ambayo wenye Tecno, Infinix na itel wengi huikuta tayari ndani ya simu: zote kwa njia ya kulipia ni kama kukodi shamba la mpunga Mbarali. Unavuna msimu ulioulipia. Ukiacha kulipa, mwenye shamba anachukua shamba lake, na huwezi kudai kwamba ulipalilia vizuri.

Si kitu kibaya. Kwa anayesikiliza nyimbo nyingi mpya na kuzichoka haraka, kukodi ni nafuu kuliko kununua moja moja. Ubaya ni neno "pakua" lililoandikwa kwenye kitufe. Ukipakua wimbo ndani ya programu hizi, faili linakaa limefungwa humohumo. Hulioni kwenye folda ya muziki, huwezi kulihamishia kwenye flash, na hata ukilipata halifunguki kwenye redio ya gari. Spotify inakuruhusu kuweka hadi nyimbo 10,000 kwenye kila kifaa, lakini inataka kifaa kiingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30. Kwa mtu wa Mbeya mjini hilo si tatizo. Anayekwenda kukaa shambani Makete wakati wa kuvuna viazi, kwenye bonde lisilo na mtandao, apange vizuri, vinginevyo atajikuta ana simu iliyojaa nyimbo zisizoimba.

Kununua hasa, faili likawa lako, kumekuwa kugumu kuliko zamani. Apple ilipoanza kuuza nyimbo moja moja mwaka 2003 kwa senti 99 za Marekani, mafaili yalikuwa na kufuli. Kufuli likaondolewa mwaka 2009, na kabla watu hawajamaliza kushangilia, dunia ikahamia kwenye kukodi. Kwa hiyo mtu wa Mbeya anayetaka faili la kuchomeka kwenye Costa anatafuta bidhaa ambayo wauzaji wakubwa wameipa kisogo.

Bandcamp, iliyoanzishwa mwaka 2008, bado inauza hivyo. Msanii anapanga bei mwenyewe, mara nyingi dola 1 hivi kwa wimbo, na Bandcamp inachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali kabla ya makato ya malipo. Ukishanunua unachagua aina ya faili, iwe mp3 ya kawaida au FLAC isiyopunguza sauti, na ukipoteza simu unaingia tena na kuipakua upya. Kizuizi ni kwamba wanamuziki wetu walioko huko ni wachache mno. Singeli ya Dar es Salaam iko, imepelekwa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na wanaoinunua wengi ni watu wa Ulaya. Kwaya ya Rungwe usiitafute huko.

Ndiyo maana, kwa matumizi ya flash, mimi naweka Mdundo na zinazofanana nayo juu ya Spotify. Inakupa mp3 unayoihamisha, bila kulipa, na bila kumnyima msanii. Tangazo la mwanzo linakera. Kwenye daladala hakuna atakayelijali. Kwenye harusi, bi harusi anaingia ukumbini na badala ya mdundo likatoka tangazo, utajieleza mwenyewe kwa wazee.

Malipo kutoka huku

Miaka michache iliyopita hoja ya "sina kadi" ilimaliza mjadala. Siku hizi mitandao ya simu inatoa kadi pepe za Visa au Mastercard zinazofunguliwa kwenye menyu ya pesa za simu, na kadi hizo zinakubalika kwenye maduka mengi ya nje. Baadhi ya programu, hasa zilizojengwa kwa ajili ya Afrika, zinakubali pesa za simu moja kwa moja na huuza vifurushi vya siku au wiki. Kifurushi cha siku moja kina akili zake: unajiunga siku umekaa mahali penye WiFi, unasikiliza mpaka unashiba, kesho hudaiwi.

Kwenye kadi pepe weka kiasi kinachotosha malipo hayo tu. Huduma za kukodi hujirudia zenyewe kila mwezi, na kusitisha kunafanyika ndani ya akaunti yako, si kwa kuifuta programu kwenye simu. Kumbuka pia kwamba bei ya dola hugeuzwa kuwa shilingi pamoja na makato, kwa hiyo utakachokatwa kitazidi hesabu yako ya kichwani. Miito ya simu nayo ni njia halali ya kununua wimbo kwa salio, lakini hujirudia vilevile, na anayeusikia ni anayekupigia. Mimi sijawahi kuelewa raha yake.

Ni wimbo wa nani?

Chukua Rayvanny, kijana wa Mbeya aliyeibuka na tuzo ya BET mwaka 2017 na baadaye akafungua lebo yake ya Next Level Music. Nyimbo zake ziko kwenye huduma zote kubwa, zinasikilizwa mara nyingi mno, na kila anayezisikiliza kwa njia halali anaongeza punje kwenye gunia lake. Punje ni ndogo, gunia ni kubwa, mambo yanakwenda. Ukitaka kumlipa Rayvanny, kukodi kunatosha. Hata Spotify ya matangazo inatosha.

Sasa chukua kwaya ya usharika mmoja wa Kyela. Spotify inahesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30. Tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizwi kabisa kwenye mgawo wa mapato yake. Piga hesabu. Kwaya yenye waimbaji 40, kila mmoja akausikiliza wimbo wao mara 20 kwa mwaka, inafikisha mara 800. Hawajapata hata shilingi. Kwa kundi la namna hiyo, shabiki anayelipia Spotify na shabiki aliyejaziwa flash kibandani wanafanana: wote wawili mfuko wa kwaya haujui kama wapo.

Huku kwetu muziki wa kwaya si jambo la pembeni. Wamoraviani walifungua misheni yao Rungwe mwaka 1891, na uimbaji wa sauti nne umekaa milimani huku kabla ya redio. Kwaya za Moraviani, za KKKT, za Katoliki, za Sabato: kila moja ina albamu au inaichangia. Na kila mara suala la kulipia linapoibuka, kuna mtu atasema, "Wimbo wa Mungu hauna mwenyewe."

Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima kwa sababu nusu yake ni kweli. Tenzi nyingi za vitabuni zina zaidi ya karne moja, watunzi wake walishafariki zamani, na yeyote anaweza kuziimba. Rekodi ni kitu kingine. Watu 40 walifanya mazoezi jioni baada ya kutoka shambani, wakalipa studio, wakalipa nauli na sare, wakamlipa mpiga kinanda na mchukua picha. Sheria imeliona hilo, ndiyo sababu jina lake lina hakishiriki pamoja na hakimiliki: mtunzi ana haki yake, na aliyeimba na aliyerekodi wana yao. Mungu hakutuma ankara ya studio. Studio ndiyo iliyotuma.

Kwaya zenyewe zimejifunza kutotegemea mauzo ya baadaye. Pesa yao wanaitafuta siku ya uzinduzi wa albamu: mgeni rasmi anaitwa, nakala ya kwanza inanadiwa kwa bei ya heshima, waumini wanachangia, na gharama ya studio inarudi au inakaribia kurudi siku hiyohiyo. Wanajua kwamba kesho yake wimbo utakuwa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo mzima. Kwa hiyo ukitaka kununua wimbo wa kwaya kwa maana halisi ya kununua, njia zilizobaki ni kuhudhuria uzinduzi au kwenda kwa kwaya yenyewe. Nyingi zinauza flash yenye nyimbo na video, au zinakutumia mafaili ukishalipa kwa simu. Kiasi unachotoa kinafika karibu chote. Hakuna huduma ya mtandaoni inayoweza kusema hivyo.

Kwa hiyo wewe je?

Kama ni dereva au konda, kukodi hakukufai, labda redio yako iwe na bluetooth na uwe tayari kuiacha simu ikiimba safari nzima kutoka Mbeya hadi Makambako. Chukua mp3 za bure za matangazo, ongeza nyimbo ambazo wasanii wenyewe wamezitoa, na zile tano au kumi ambazo abiria wanazipenda zinunue. Redio nyingi za bei nafuu zinasoma flash yenye mfumo wa kuhifadhi mafaili wa FAT32 tu, na flash za GB 64 kwenda juu kwa kawaida hutoka kiwandani na mfumo mwingine, kwa hiyo ya GB 32 itakuletea matatizo machache. Kwa nyimbo za MB 5, hiyo inabeba nyimbo 6,000. Abiria watashuka kabla hazijaisha.

Mwanafunzi wa chuo pale Iyunga au Iringa, mwenye WiFi ya chuo na earphone masikioni: kodi. Pakua ndani ya programu ukiwa kwenye WiFi, sikiliza ukiwa njiani, bando libaki kwa mambo mengine. Usipokuwa na hela ya mwezi, Audiomack au Boomplay ya matangazo itakusogeza.

DJ wa harusi anunue. Sina maneno mengi hapa. Kazi yake ni sauti, na sauti ya faili lililonenepeshwa inamuumbua kwenye spika za ukumbi. Nyimbo anazotegemea kila Jumamosi hazifiki hata 200, na nyingi ya hizo wasanii au maprodusa wao wanaweza kumuuzia au kumpa faili safi akiwafuata, kwa sababu DJ anayepiga wimbo wao mbele ya watu 300 anawatangaza. Wengi hawafuati. Wanaona haya, au wanaona kibanda kiko karibu.

Mwenye baa, saluni au basi ajue kwamba kununua wimbo hakumpi ruhusa ya kuupiga hadharani kwa biashara. Hilo lina leseni yake, na pa kuanzia kuuliza ni COSOTA. Awe amenunua nyimbo zote kihalali au amejaziwa flash, swali la leseni liko palepale.

Na kama wewe ni yule mama wa kwaya za Kinyakyusa, usihangaike na Spotify. Mwambie kijana wako akutafutie namba ya mwenyekiti au mhazina wa kwaya unayoipenda. Kabla ya kutuma pesa, uliza jina litakalotokea kwenye simu ni la nani, maana kuna wajanja wanaouza nyimbo za kwaya wasizoimba. Omba mafaili yaje kwa WhatsApp kama dokumenti ili yafike kama yalivyotoka studio, na omba yawe mp3 kama yanakwenda kwenye redio ya gari au sabufa, kwa sababu aina nyingine redio nyingi zitazikataa. Yakishafika, mwambie kijana ayanakili sehemu mbili, kwenye flash na kwenye memori kadi ya simu. Ukipoteza zote mbili, mhazina bado anayo namba yako.